Kwani Ni Lazima Yeye Ndiye Aondoke?

Kuna swali moja nimelichoka kabisa. "Kama anapigwa, mbona haondoki?" Mmelisikia. Linaulizwa kwa matatu ya Nanyuki, linaulizwa saluni, linaulizwa kila mara habari mbaya ikipita kwa runinga. Na si ati linaulizwa na watu wabaya. Mara nyingi ni watu wazuri, wenye huruma. Shida yake ni moja tu: linamkazia macho mtu asiyefaa.

Limenirudia kichwani wiki hii yote kwa sababu ya muvi ya zamani niliyoitazama kwa simu. Inaitwa Once Were Warriors, ni ya New Zealand, ilitoka mwaka wa 1994. Iliongozwa na Lee Tamahori, kutoka kwa riwaya ya Alan Duff ya 1990. Najua, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Itafuteni tu. Na kwa vile imepitisha miaka 30, nitawaambia inavyoisha bila kuomba radhi.

Muvi inaanza na picha ya ziwa na milima, nchi nzuri mpaka unataka kuhamia huko. Kisha kamera inashuka, unagundua ni bango tu la matangazo. Chini ya bango ni barabara kuu, kelele za magari, na mtaa wa watu maskini wa Auckland. Hapo ndipo anaishi Beth na mumewe Jake na watoto wao watano. Ni Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamaori wengi waliacha vijiji vya koo zao wakaingia mjini kutafuta kazi, na watoto wao wakakua kama wageni ndani ya nchi yao wenyewe.

Sasa hapo ndipo muvi ilinishika shati. Kwa sababu hiyo ni Timau.

Timau ni mji wa watu waliokuja. Kuna Wameru wenyewe, sawa, na Wakikuyu waliokaa miaka. Lakini ingia ploti yoyote uhesabu: Turkana, Samburu, Kisii, Luhya, Kamba, Borana. Mtu alisikia kwa binamu kwamba huku kuna kazi ya maua, au mashamba ya ngano na viazi, akafunga begi. Ploti yenyewe mnaijua. Vyumba kumi vya mbao au mabati vinaangaliana, mfereji mmoja katikati, vyoo viwili huko nyuma, kamba za nguo kila mahali. Hakuna aliyezaliwa hapo. Hakuna mwenye mjomba wa kuita usiku. Lugha ya ploti ni Kiswahili kwa sababu ndiyo peke yake tunayogawana.

Na kuta zake, mnazijua pia. Jirani akikoroga chai unasikia kijiko.

Kwa hivyo tusidanganyane. Hakuna mwanamke anayepigwa kwa siri kwenye ploti. Kipigo kinasikika chumba namba moja hadi namba kumi. Huwa kinaanza kwa Kiswahili, mambo ya pesa au simu, halafu mambo yakichacha wanahamia lugha ya kwao. Na asubuhi majirani wanasema, "Sisi hatukuelewa walikuwa wanasema nini." Ni kweli, maneno hamkuelewa. Lakini kofi halina kabila.

Turudi kwa muvi. Kuna usiku Jake anarudi na marafiki, nyumba inajaa, pombe, gitaa, nyimbo. Kila mtu anampenda Jake, na hiyo ndiyo sehemu inayotisha. Jake si jini. Anaimba vizuri, anachekesha, anamwangalia mkewe kama msichana aliyemwona jana. Kisha anamwambia Beth amkaangie rafiki yake mayai. Beth anakataa. Dakika chache baadaye Jake anampiga vibaya sana, kwa ngumi, kama anavyopiga wanaume huko baa.

Sasa, wakati wa hicho kipigo, nyumba ilikuwa imejaa watu. Wageni walioimba naye, waliokunywa kwake. Hakuna hata mmoja aliyemshika mkono. Watoto nao wako juu chumbani, wanasikia kila kitu.

Kesho yake mmoja wa wavulana, Boogie, ana kesi kortini. Beth alikuwa aende naye. Lakini uso umevimba, hawezi kutoka nje. Mtoto anafika kortini bila mzazi yeyote, na anapelekwa makao ya serikali. Fikiria hiyo kidogo. Ngumi ilimpata mama, lakini aliyechukuliwa kutoka nyumbani ni mtoto.

Ndio maana mtu akiniambia hayo ni mambo ya watu wawili, nashindwa kumwelewa. Hayajawahi kuwa ya watu wawili. Kuna mtoto hapo ploti anayekuja shule bila kulala, na mwalimu anamwandika mvivu.

Muvi inaisha kwa uchungu. Grace, yule binti anayeandika hadithi kwa daftari lake, anabakwa na rafiki wa baba, na anajiua. Beth anachukua mwili wa mwanawe anaupeleka marae, yaani uwanja na nyumba ya ukoo wake, azikwe kati ya watu wake. Jake anakataa kwenda. Na baada ya hapo Beth anamwacha, anaondoka na watoto waliobaki. Kila mtu anayetazama anashusha pumzi. Hatimaye ameondoka!

Mimi pia nilishusha pumzi. Halafu nikaanza kusumbuka. Kwa sababu Beth alikuwa na mahali pa kurudi. Ana ukoo wenye heshima, una nyumba, una wazee, una shangazi wanaompokea mlangoni wakimlilia. Muvi inasema dawa ni kurudi kwenu.

Sasa mchukue huyo dada wa chumba namba saba hapa Timau umwambie arudi kwao. Kwao ni wapi? Labda ni siku mbili za basi. Labda mahari ilishaliwa, na baba hana mbuzi wa kurudisha. Labda kaka ameoa na chumba chake cha usichana sasa ni cha shemeji. Kazi yake iko hapa kwa maua, na akikosa siku chache bila ruhusa nafasi yake inapewa mwingine. Watoto wako shule hapa. Chama chake kiko hapa, na pesa zake za zamu bado hazijafika. Chumba kimeandikwa jina la mume kwa kitabu cha landlodi. Ukimwambia aondoke, unamwambia aache kazi, shule, akiba, na paa, vyote siku moja, usiku, na mtoto mgongoni. Na mnajua baridi ya Timau ya mwezi wa saba, ule upepo wa mlimani unaoingia hadi kwa mifupa.

Halafu unauliza mbona haondoki?

Swali langu ni lingine. Mbona yeye ndiye aondoke? Aliyevunja sheria ni nani hapo?

Na simaanishi kama mchezo wa maneno. Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya vurugu za nyumbani, ya mwaka wa 2015. Wengi hatuijui, na ni aibu kwa sababu imeandikwa kana kwamba aliyeiandika aliwahi kuishi ploti. Inasema mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Amri hiyo inaweza kumzuia mpigaji asikukaribie. Inaweza hata kumtoa nyumbani mnamoishi, wewe ubaki, hata kama nyumba ni yake au ni yeye ameikodi. Soma tena hapo. Hata kama jina kwa kitabu cha landlodi ni lake.

Haihitaji muwe mmefunga ndoa kanisani. Mmeamua tu kukaa pamoja bila sherehe? Mlikuwa wachumba mkaachana? Mna mtoto pamoja? Mko ndani ya hiyo sheria. Na kipigo si ngumi peke yake. Kukunyima pesa na kukufanya mtumwa wa shilingi ni unyanyasaji pia. Kukufuatafuata na kukutisha, hivyo hivyo.

Kuna watu watasema, basi anunue nyumba yake mwenyewe, awe na jina lake kwa karatasi. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mnamkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Alikuwa amejenga nyumba upande wetu wa mpaka, huko Trans Nzoia, awe karibu na mahali pa mazoezi. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, wiki chache tu baada ya Paris, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli akamchoma moto. Alifariki tarehe 5 katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Alikuwa na miaka 33. Ugomvi ulioripotiwa ulikuwa kuhusu kile kipande cha ardhi na nyumba iliyokuwa juu yake. Baba yake aliwaambia wanahabari kwamba binti yake alikuwa amepeleka malalamishi kwa polisi zaidi ya mara moja.

Yaani huyo alifanya kila kitu tunachowaambia wanawake wafanye. Alikuwa na kazi yake. Alikuwa na jina. Alikuwa na nyumba. Alikuwa ameshamwacha. Alisema. Kwa hivyo tusiniambie tena habari ya kuondoka kana kwamba ni ufunguo. Kuondoka bila mtu wa kumzuia mpigaji ni kuhama tu, na yeye anajua njia.

Na yeye si wa kipekee. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Hiyo ni kama mmoja kwa kila watatu. Kwa ploti ya vyumba kumi, fanya hesabu mwenyewe.

Najua maneno yanayokuja, kwa hivyo wacha niyajibu moja moja.

"Ni umaskini. Jamaa hana kazi, ana mawazo." Jake pia amepoteza kazi kwa muvi. Lakini mbona hampigi aliyemfuta? Kwenye baa anachagua wa kumpiga, nyumbani anachagua wa kumpiga. Mtu anayechagua ana akili zake. Na kama ni umaskini, tazameni Binti, ile filamu ya Tanzania ya 2021 ya Seko Shamte. Kuna Angel, harusi inapangwa, gauni liko tayari, na mchumba anampiga. Hapo shida si kodi ya chumba. Umaskini haumfundishi mtu kupiga. Unachofanya ni kumfungia anayepigwa mlango. Hiyo tofauti ni kubwa.

"Ni pombe." Mlevi huyo huyo akipita kwa askari anasalimia kwa adabu.

"Wanaume pia wanapigwa." Ndio, wanapigwa, na wengi wanaona haya kusema. Sheria niliyoitaja haina jinsia. Inakulinda wewe pia, kaka, itumie. Lakini ukileta hoja hiyo ili tu tunyamaze kuhusu dada wa namba saba, hujasaidia mwanamume yeyote.

"Mambo ya ndoa hayaingiliwi." Hii ndiyo kubwa, na nitaijibu polepole.

Nyumbani, kijijini, mambo ya ndoa yanaingiliwa kila siku. Kuna wazee, kuna shangazi, kuna kaka za bibi wanaokuja kukaa kitako na kuuliza. Wakati mwingine wanaamua vibaya, wanamrudisha msichana kwa moto. Lakini angalau mume anajua kuna macho. Tulipokuja Timau tuliacha macho hayo nyuma, tukabaki na ile methali ya kutoingilia. Kaka zake wako Lodwar. Wataingia basi lini, na nauli ya nani? Wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni wewe wa namba sita.

Na hata sheria inakutambua wewe wa namba sita. Mtu yeyote anayeshuku kwa sababu za maana kwamba kuna vurugu za nyumbani anaweza kutoa habari. Si lazima uwe ndugu. Si lazima uwe umeona. Kusikia umesikia.

Sasa, simwambii mtu aingie kama shujaa wa muvi. Mtu mwenye panga hajali nia yako. Lakini kati ya ushujaa na kuongeza sauti ya redio kuna mambo mengi ya kufanya.

Nendeni wengi. Mtu mmoja akigonga ni mchokozi, watu watano wakigonga ni ploti. Gonga uombe chumvi, gonga uulize kama stima imepotea kwake pia, gonga useme mtoto wako haamki na unahitaji msaada. Unachotaka ni ile dakika moja mkono usimame. Chukua watoto wake walale kwako. Piga simu 1195, ni laini ya kitaifa ya dhuluma za kijinsia, ni ya bure. Ikiwa ni mtoto anayeumizwa, 116, pia bure.

Kesho yake, mume akiwa kazini, ongea naye. Usimpe hotuba. Muulize tu anataka nini, kisha unyamaze usikilize. Jitolee kumwekea vitu: nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nguo moja, nauli kidogo. Akitaka kwenda hospitali, mfuate. Kama alibakwa, aende haraka kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina muda, na asioge wala kufua nguo kwanza. Polisi, mwambie aulize namba ya OB na asiondoke bila hiyo namba, na fomu ya P3 ijazwe. Maafisa wanatakiwa kumweleza msaada uliopo, na akitaka kuongea na afisa wa jinsia yake anaweza kuomba. Nenda naye. Mtu aliye na shahidi pembeni anasikilizwa tofauti.

Na akirudi kwake wiki ijayo, usimkasirikie. Usiseme "basi mimi nimenawa mikono." Beth alikaa na Jake miaka kumi na minane kabla ya kusema imetosha. Mlango wako ukibaki wazi siku ya tano, labda siku ya sita ndiyo yenyewe.

Kwa wanaume wa rika langu, hii ni yenu. Kwa ile sherehe ya Jake, aliyekuwa na nafasi nzuri ya kumzuia si Beth. Ni marafiki. Ni wale aliowanunulia pombe. Jamaa yako akijigamba kwamba "nilimnyoosha" na wewe ukacheka, umempa ruhusa ya mara ya pili. Si lazima mgombane. Sema tu, "Hapana, hiyo si poa," halafu usicheke. Mwanamume anaogopa kudharauliwa na wenzake kuliko anavyoogopa askari. Tutumie hiyo hofu kwa jambo la maana mara moja.

Kila Januari hapa kwetu kazi inakazana, kwa sababu tarehe 14 Februari dunia inataka rozi. Wanawake wa ploti zetu ndio wanaozikata, kuzipanga na kuzifunga, zamu ndefu, vidole vimechomwa na miiba. Mtu huko ng'ambo anampa mpenzi wake ua lililofungwa na mwanamke ambaye jioni anaogopa kusikia funguo mlangoni. Hiyo ndiyo muvi ambayo ningependa mtu wa huku aitengeneze. Wamaori walisubiri yao, ikaja ikawauma, na ikawafanya waongee. Yetu isiishe na mama akibeba mtoto kuelekea steji. Iishe na yeye amekaa kwake, sufuria jikoni, na mwanamume ndiye yuko nje na begi lake, akisomewa amri ya korti.

Mpaka hiyo muvi itoke, nina kazi moja ndogo kwenu. Chukua kalamu ya maka, ingia choo cha ploti yenu, uandike kwa mlango upande wa ndani: 1195, bure. Usiongeze neno. Hapo ndipo mahali pekee pa ploti ambapo mtu anakaa peke yake, amefunga komeo, na hakuna anayemchungulia simu.